Simu ya Dharura na Mahali pa Ajali
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya Makatibu wa Vyama vya Msingi na wanachama)



Imeenea imani kwamba mtu akiisha kupiga simu ya dharura, setilaiti humwona huko juu, na wazimamoto hujua papo hapo aliko. Imani hiyo ni ya hatari, hasa kwa vyama ambavyo maghala yao yako mbali na barabara kuu, na yafaa ichunguzwe kabla moto haujawaka.

Setilaiti haimwoni mtu. Zile za mfumo uitwao GPS huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, mfano wa redio. Simu ndiyo isikilizayo, na yapasa izisikie angalau nne ndipo ikokotoe ilipo. Mawimbi hayo hufika ardhini yakiwa dhaifu mno. Bati na zege huyazuia. Basi mlinzi aliyesimama ndani ya ghala la pamba lililoezekwa kwa bati asitegemee msaada huo. Na atoke nje kwanza, kwa sababu ya moshi kabla ya sababu ya setilaiti. Simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, aghalabu haina kabisa kifaa cha kuzisikiliza. Hiyo hujulikana kwa mnara inaoutumia tu, na mnara mmoja wa shamba huweza kuhudumia eneo la kilomita nyingi.

Lipo jambo la pili, nalo husahauliwa zaidi. Simu kujua ilipo si sawa na mpokeaji kujua. Sharti habari hiyo isafirishwe hadi mezani pake. Nchini Uingereza, mwaka 2014, ulianza utaratibu ambao simu yenyewe, ikitambua namba ya dharura, hutafuta mahali ilipo kwa sekunde 20 hivi, kisha hutuma ujumbe mfupi kwenye kituo cha dharura. Pasipo utaratibu kama huo, simu yaweza kujua kila kitu na ikanyamaza. Marekani nako kanuni za jambo hili zilianza mwaka 1996. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2015 ziliyataka makampuni yafikie, kwa mwaka 2021, usahihi wa meta 50 kwa asilimia 80 ya simu hizo. Ndiyo kusema hata kwa matajiri, simu moja katika tano iliruhusiwa kupotea zaidi ya hapo.

Wako makatibu hodari ambao husoma tarakimu za mahali katika simu zao na kuzitaja kwa mdomo. Ni vyema, lakini kwa uangalifu. Aliye kusini mwa Ikweta akiiacha alama ya kutoa iliyo mwanzoni, ghala la Shinyanga huhamia kaskazini mwa Uganda, zaidi ya kilomita 800. Kosa la tarakimu moja katika nafasi ya pili baada ya nukta humpeleka dereva wa zimamoto kilomita moja au zaidi kando.

Kwa hiyo kila chama kiandike karatasi moja na kuibandika ndani ya mlango wa ofisi na nje ya ghala: jina la kijiji, kata na wilaya, barabara ya kuingilia na alama inayoonekana usiku, daraja lisilobeba gari zito, kama lipo, tarakimu za mahali, zilizosomwa uwanjani na kuhakikiwa na watu wawili, na namba za kupiga, ambazo kwa Tanzania ni 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi. Mpigaji aanze kwa kutaja mahali, ndipo aeleze ajali, maana simu huweza kukatika. Mlinzi asiyejua kusoma asomewe na Katibu mpaka aikariri, na ajaribiwe tena msimu wa ununuzi unapofunguliwa.