Mbwa Aitwaye Labrador: Upole Wake na Ulafi Wake



Leo tumekusudia kuwapa habari za mbwa. Twajua kwamba wako miongoni mwenu watakaoshangaa, kwa kuwa kwetu mbwa hukaa uani, hulinda mbuzi na kufukuza nyani mashambani, wala hahesabiwi kuwa mmoja wa watu wa nyumba. Kwa watu wengi wa pwani mate yake ni najisi, na wazee walisema tangu zamani kwamba mcheza na mbwa humwingia msikitini. Hatukuja kuwashawishi mwache desturi zenu. Tumekuja kueleza habari za mbwa mmoja ambaye katika Uingereza na Marekani amepewa nafasi ya kulala karibu na watoto, tuone aliipataje nafasi hiyo, na kwa nini wale wampendao sana ndio mara nyingi wamfupishiao maisha.

Mbwa huyo huitwa Labrador. Jina hilo ni la nchi ya baridi iliyo upande wa mashariki wa Kanada, lakini asili yake si huko. Asili yake ni kisiwa kilicho jirani, kiitwacho Newfoundland. Wavuvi wa kisiwa hicho, hasa wa kandokando ya mji wa St. John's, walikuwa na mbwa weusi, wenye manyoya mafupi, ambao walikwenda nao chomboni. Samaki akichomoka katika ndoana, mbwa alijitupa majini akamkamata. Kamba ikichukuliwa na mkondo, mbwa aliifuata akaileta. Mithali yetu yasema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa hao waliogelea katika maji ya baridi kali, mbali na nchi kavu, na ufuko wao ulikuwa chombo cha bwana wao.

Mwanzoni mwa karne ya 19, vyombo vilivyochukua samaki wa chumvi kutoka Newfoundland vilikuwa vikitia nanga katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Huko Earl wa Malmesbury, mtu mkubwa mwenye mashamba na vinamasi, aliwaona mbwa hao akapendezwa nao, akawatwaa kwa kazi ya kuokota bata waliopigwa bunduki. Jamaa zake waliendelea kuwazalisha kwa uangalifu, na katika miaka ya 1880 baadhi ya mbwa wao walipewa Duke wa Buccleuch huko Scotland. Kutokana na mbwa wa nyumba hizo mbili ndiko alikotokea Labrador wa leo. Mwaka 1903 chama kikubwa cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kilimwandika katika daftari lake kuwa ni aina yake mbali. Na kule Newfoundland kwenyewe, mbwa wale wa asili wamekwisha kabisa. Hakusalia hata mmoja.

Sasa na tumtazame umbo lake. Dume mzima ana uzito wa kilo 29 hata 36, na jike hupungua kidogo. Kimo chake begani ni yapata sentimita 55 hata 62. Kifua chake ni kipana, kichwa chake kipana pia, na mkia wake ni mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, kama mkia wa fisi maji. Naye huutumia kama usukani anapoogelea. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya juu ni magumu na mafupi, ya chini ni laini na yenye kuzuia maji yasifike upesi kwenye ngozi. Kati ya vidole vyake mna ngozi iliyotanda, ambayo humsaidia kupiga maji. Rangi zake ni tatu: nyeusi, manjano na kahawia, na mara nyingine jike mmoja huzaa watoto wa rangi zote tatu kwa uzazi mmoja. Zamani weusi ndio waliopendwa peke yao. Labrador wa kwanza wa manjano aliyeandikwa, jina lake Ben of Hyde, alizaliwa mwaka 1899.

Lakini jambo lililomfikisha katika nyumba za watu si mkia wala manyoya. Ni kinywa chake. Mwindaji hataki bata aliyetafunwa. Ataka bata mzima. Basi kwa miaka mingi watu walichagua wazazi kutoka katika mbwa waliojua kubeba kitu bila kukiuma, wakawaacha wale wenye meno mepesi. Hata leo Labrador aliyefundishwa vema aweza kubeba yai la kuku kinywani asilivunje. Tena mwindaji alihitaji mbwa akaaye kimya hata aagizwe, asiyegombana na mbwa wengine, mwenye furaha ya kurudi kwa bwana wake na kumtilia mkononi alichokipata. Tazameni, wasikilizaji wetu: sifa hizo za kazi ndizo hizo hizo mama atakazo kwa mbwa atakayekaa na watoto wake. Upole wa Labrador haukuanguka kutoka mbinguni. Ulichaguliwa, ukatunzwa, uzazi baada ya uzazi.

Kwa sababu hiyo huko Marekani, tangu mwaka 1991 hata mwaka 2021, Labrador ndiye aliyeongoza kila mwaka katika hesabu ya mbwa walioandikwa na chama cha mbwa cha nchi hiyo. Ni miaka 31 mfululizo, mpaka aliposhindwa mwaka 2022 na mbwa mdogo wa asili ya Ufaransa.

Tena upole huo umetiwa katika kazi kubwa kuliko ya bata. Labrador hufundishwa kuwaongoza vipofu. Huvishwa mkanda wenye mshikio, na kipofu akiushika mshikio ule, mbwa humwepusha na mashimo, na magari, na watu. Mfano mmoja umejulikana duniani kote. Tarehe 11 Septemba, 2001, mtu kipofu aitwaye Michael Hingson alikuwa kazini katika ghorofa ya 78 ya mnara mmoja wa World Trade Center, mjini New York, ndege ilipougonga. Chini ya meza yake alikuwa amelala Labrador wa manjano, jina lake Roselle. Walishuka pamoja ngazi 1,463, katikati ya harufu ya mafuta ya ndege na msongamano wa watu, naye mbwa hakutaharuki. Walitoka nje wote wawili wazima. Mwaka uliofuata Roselle alipewa nishani ya Dickin, ambayo hutolewa Uingereza kwa wanyama waliofanya ushujaa.

Hizo ndizo sifa. Yatupasa sasa kunena na upande wa pili, kwa maana asifuye bila kuonya humdanganya msikilizaji.

Labrador ni mlafi. Hula chake, kisha hukutazama wewe ulavyo, kwa macho ya mnyonge ambaye hajaonja kitu tangu juzi. Sisi wenyewe tulialikwa siku moja katika nyumba yenye mbwa wa namna hiyo. Alikula chakula chake asubuhi mbele ya baba; mama, asiyejua, akampa tena; watoto wakampa vipande vya mkate chini ya meza; nasi wageni, tukaona haya kumnyima, tukampa mfupa. Kila mmoja alitoa kidogo, na kila mmoja alidhani ametenda jambo jema. Lakini mbwa yule, ambaye hakuwa mzee, hakuweza kupanda ngazi tatu za baraza pasipo kupumzika.

Wataalamu wamechunguza asili ya njaa hiyo. Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya Labrador waliowapima walikuwa na upungufu katika jeni moja, yaani katika urithi wa mwili utokao kwa wazazi, ambao huwazuia kujisikia wameshiba. Na katika Labrador wa kusaidia walemavu, wenye upungufu huo walikuwa zaidi ya robo tatu. Yawezekana ni kwa sababu mbwa apendaye chakula hufundishika upesi, kwa kuwa hutenda lolote ili apate tonge. Basi fikirini: njaa ile ile imsaidiayo kujifunza, ndiyo imwangamizayo akipata bwana asiyejua kipimo.

Kipimo chenyewe kimejaribiwa. Huko Marekani walichukuliwa Labrador 48, ndugu kwa ndugu, wakagawanywa wawili wawili. Mmoja alipewa chakula chake, na mwenziwe akapewa kilichopungua kwa robo. Wakatunzwa hivyo maisha yao yote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, nao walichelewa kuugua maungo. Maradhi ya nyonga na viwiko huwapata Labrador wengi, na unene huyazidisha. Miaka miwili si kitu kidogo kwa kiumbe ambaye maisha yake yote ni kama miaka 12. Mwenye huruma ya kutupa kipande kila saa, hutwaa kwa mkono wa kushoto kile alichotoa kwa mkono wa kulia.

Yafaa basi, mwenye kumweka Labrador ampimie chakula kwa kikombe kile kile kila siku, na awe mtu mmoja tu wa kumpa. Ajue kwamba mbwa huyu aliumbiwa kazi na maji. Akifungwa mnyororo mchana kutwa, atatafuna mlango. Katika nchi zetu za joto amtembeze alfajiri na jioni, maana manyoya yale ya tabaka mbili humchosha jua likiwa kali. Wala asiuamini upole wake kupita kiasi: mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa yeyote, wala mbwa asisumbuliwe anapokula.

Na ninyi wenye mbwa wa kawaida wa vijijini, msidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa Ulaya tu. Mbwa wenu hawana daftari la ukoo, lakini nao hufanywa na mkono unaowalea. Wapelekeni kila mwaka kuchanjwa kichaa cha mbwa, kwa maana ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, ni nadra sana kupona. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingojeshwe kwa dawa za nyumbani.

Wazee walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maneno hayo ni kweli, na kinyume chake ni kweli vilevile. Wavuvi wenye saburi na wawindaji wenye uangalifu walimfanya Labrador awe mpole. Nao watu wasioweza kusema "basi" humfanya kuwa mgonjwa. Mapenzi bila kipimo hayatoshi kumlea mbwa, wala, kwa kweli, hayatoshi kumlea mtoto.

Hapa ndipo tunapokoma leo. Kwaherini.