Baba mwenye kutazama juu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wababa na wamama wa Dilala, siku ya karamu ya Jubile



Mumeniomba niseme juu ya baba wa jamaa aliyetumika kwa nguvu. Najua munangojea nitaje mutu wa mashimo ao wa kiwanda, kwani hao ndio waliojenga Kolwezi kwa mikono yao. Nitamutaja. Lakini pamoja naye nitataja mugeni mumoja, kwa sababu baba yangu ndiye aliyenifundisha jina lake, na jina hilo lilileta mabishano ya miaka mingi katika nyumba yetu.

Baba yangu alikuwa fundi wa chuma. Juma moja alitumika muchana, juma lenye kufuata alitumika usiku. Tulikuwa watoto saba. Alikuwa na tamaa moja tu isiyohusu nyumba yake, nayo ilikuwa ndege. Siku ya Mungu, kisha Misa, aliwapakia wawili wetu juu ya kinga yake, akatupeleka kando ya kiwanja cha ndege. Tulikaa katika majani, tukingojea. Siku nyingine hakuna ndege iliyokuja, tukarudi na njaa, naye akasema kwamba hata hivi tumeona mbingu. Yeye mwenyewe hakupanda ndege hata siku moja. Wakati ule kazi ya mutu mweusi penye kiwanja ilikuwa kubeba mizigo na kufyeka majani; baba alijua hayo, wala hakutuficha. Lakini sauti za motere alizitambua kama vile mama alivyotambua kilio cha kila mutoto wake.

Tulipokuwa tukingojea ndiyo alitusimulia habari za Edmond Thieffry.

Mutu huyu alizaliwa katika Ubelgiji mwaka 1892, pa Etterbeek, karibu na Bruxelles. Alisoma sheria, akawa avoka. Vita vya 1914 vilipoanza, Wadachi walimukamata, naye akawatoroka juu ya pikipiki aliyoiba, mpaka inchi ya Uholanzi. Hapo baba alicheka kila mara, kwani avoka aliyeiba pikipiki lilikuwa jambo tamu sana kwake. Kisha Thieffry alijifunza kuendesha ndege, naye alikuwa mwanafunzi mubaya: alivunja ndege nyingi hata ikasemwa kwamba hakuna aliyependa kuketi pamoja naye. Wakamupa ndege ya mutu mumoja. Katika hiyo alishinda ndege kumi za adui, hata siku ya 23 Februari 1918, alipoangushwa na kukamatwa tena.

Vita vilipokwisha alirudia kazi yake ya avoka. Alikuwa na bibi na watoto. Angeweza kukaa, mimi ningekaa. Lakini fikara zake zilikuwa juu ya njia ya Kongo. Siku zile, mutu aliyetoka Ubelgiji alipita baharini zaidi ya majuma mawili kabla ya kufika Matadi, kisha akapanda treni mpaka Léopoldville. Na kutoka pale kufika Katanga ilikuwa safari nyingine kubwa, ya mashua na ya treni. Muji wa Kolwezi haukuwapo: ulianzishwa mwaka 1937, na njia ya treni yenye kupita kwetu kwenda Dilolo ilimalizika mwaka 1931 tu.

Thieffry aliomba ndege kwa kompanyi ya Sabena, iliyozaliwa mwaka 1923, na ruhusa kwa mufalme. Siku ya 12 Februari 1925 aliondoka Bruxelles katika ndege yenye motere tatu, pamoja na piloti Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka jangwa la Sahara, wakapita Gao, Niamey, Fort-Lamy na Bangui. Siku ya 3 Aprili walishuka Léopoldville. Siku 51! Lakini saa walizokuwa angani zilikuwa karibu 75 tu. Siku zingine zote zilikuwa za kungoja na kutengeneza. Baba alipenda sana hesabu hiyo. Alisema kwamba sifa ya safari ile ni ya De Bruycker, mutu wa funguo na mafuta, na mimi naona haki iko kwake, ingawa fundi husifu fundi.

Tuseme kweli vilevile juu ya wale wasioandikwa. Katika Kongo, viwanja ambavyo ndege zilishukia vilifyekwa na watu wetu, kwa jembe na kwa panga, nao hawana barabara yenye jina lao. Thieffry analo: pa Etterbeek kuna barabara na hata kituo cha treni ya chini ya inchi chenye kuitwa kwa jina lake.

Alijaribu tena mara mbili safari ya Kongo, akashindwa. Kisha alikuja kutafuta namna ya kuweka ndege za kuunganisha miji ya Kongo kwa ndani. Siku ya 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganika. Alikufa pamoja na mwenzake Gaston Julien; fundi Eugène Gastuche akapona. Thieffry alikuwa na miaka 36.

Ni hapa mabishano yalipoanza. Mama alikuwa akichambua sombe, akauliza: «Na watoto wake?» Baba akajibu kwamba mutu yule hakuruka kwa muchezo, aliruka ili wengine wapite. Mama akasema: «Wapite. Lakini nani aliwapa watoto chakula?» Sikumusikia baba akipata jibu. Naye mwenyewe alirudi kila siku. Siku ilipotangazwa kwamba wanatafutwa watu wa kwenda kujifunza kazi ya ndege mbali na kwetu, alikwenda kusoma karatasi mara mbili, akarudi, asiseme neno. Juma lile lilikuwa lake la usiku, akaenda kazini.

Miaka mingi kisha hapo alitujia na habari aliyoipata katika gazeti la zamani. Siku ya 23 Februari 1935 Sabena ilianza safari za kawaida toka Bruxelles mpaka Léopoldville, siku tano na nusu, na ndege iliyofungua njia ile iliitwa «Edmond Thieffry». Baba alisoma habari hiyo kwa sauti, amesimama, kama vile mutu anasoma Somo kanisani.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Na watoto wake, waliwapandisha ndani?»

Baba akakunja gazeti, akalipanguza, akaliweka juu ya kabati. Akatoka inje kutia upepo katika kinga yake, kwani saa ya kazi ilikuwa karibu.