Kujenga Safu ya Ushambuliaji: Usajili ni Mipango, si Pupa

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kikuyu, Dodoma)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya mpira, na hasa juu ya swali ambalo mkutano huu utalipigia kura leo alasiri. Swali lenyewe tunalijua. Timu ya shule ina mabeki imara na golikipa hodari, lakini mabao hayaingii. Baadhi yetu wanapendekeza kwamba fedha tulizochanga zitumike kuwaleta washambuliaji wawili au watatu kutoka nje kabla ya mashindano ya UMISSETA. Wengine wanasema fedha hizo ziwajenge vijana waliopo. Mimi si kocha. Kazi yangu serikalini ni ya mipango ya watumishi, yaani kutazama nafasi ipi iko wazi, nani anafaa kuijaza, na akiondoka nani atashika. Nimeona kwamba kupanga ofisi na kupanga timu ni kazi zenye undugu, na kwa sababu hiyo nimekubali kusema machache.

Ndugu Mwenyekiti, wenzetu wa Marekani wana utaratibu ambao sisi hatuna. Katika ligi yao ya mpira ule wa kushika kwa mikono, tangu mwaka 1936, vijana wanaomaliza vyuo huchaguliwa kwa zamu, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Nia yake ni njema: mnyonge apate nafasi ya kuinuka. Mpira wa kikapu nao wana zamu za namna hiyo, ila wameongeza bahati nasibu kwa zamu za mwanzo.

Lakini zamu nzuri haitoshi. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka ule wa 1936, Jay Berwanger, hakucheza hata mchezo mmoja katika ligi hiyo. Na tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika nchi nzima ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile ya kikapu. Ilikuwa heshima kubwa kwa taifa. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2, na katika chuo kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Aliyechaguliwa wa tatu, nyuma yake, ni James Harden. Aliyechaguliwa wa saba ni Stephen Curry, ambaye baadaye alitwaa ubingwa mara nne na timu moja, Golden State Warriors. Sisemi haya kumpunguzia sifa ndugu yetu. Nasema kwamba urefu unapimwa kwa futi kamba, lakini jicho la kulenga na kichwa cha kusoma mchezo havipimwi hivyo. Anayechagua kwa kutazama kile kinachopimika kwa urahisi, mara nyingi hupitwa na kile kilicho bora.

Kwetu hakuna zamu. Kwetu mwenye fedha huchagua kwanza, na wengine huokota kilichobaki. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo sharti atumie akili zaidi. Naomba sasa nitazame vilabu vyetu wenyewe.

Simba walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Katika misimu hiyo Meddie Kagere aliongoza kwa mabao mara mbili, 23 na kisha 22, na John Bocco akaongoza msimu wa 2020/21 kwa mabao 16. Mwezi wa Agosti 2021 klabu iliuza wachezaji wawili kwa mpigo: Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Angalieni jambo hili. Wafungaji hawakuuzwa. Bocco alibaki na Kagere alibaki. Walioondoka ni wale waliokuwa wakiwalisha. Wakaletwa mawinga wapya, nao hawakuwa wabovu. Mmoja wao, Pape Ousmane Sakho, alifunga bao dhidi ya ASEC Mimosas lililochaguliwa kuwa bao bora la mwaka Afrika, mwaka 2022. Hata hivyo ubingwa ulikwenda Jangwani msimu ule, na ukakaa huko misimu minne. Bao moja la ajabu hupendeza macho, lakini ligi hushindwa kwa mabao mengi ya kawaida, na mabao ya kawaida hutoka kwa watu waliozoeana.

Sasa tuvuke barabara twende kwa watani wao. Yanga walimpata Fiston Mayele mwaka 2021 kutoka AS Vita ya Kinshasa. Msimu wa kwanza alifunga mabao 16 katika ligi, wa pili akafunga 17, na katika Kombe la Shirikisho Afrika la 2022/23 akawa mfungaji bora kwa mabao 7. Yanga wakafika fainali, wakafungwa na USM Alger 2–1 Dar es Salaam, wakashinda 1–0 kule Algiers, na wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Mwezi haukupita mingi Mayele akanunuliwa na Pyramids ya Misri. Kocha Nasreddine Nabi naye akaondoka. Wengi tulisema: Yanga imekwisha.

Klabu ilijaribu kutafuta Mayele mwingine. Ilimleta Hafiz Konkoni kutoka Ghana, naye hakudumu. Lakini wakati huohuo ilifanya jambo lililokuwa na maana zaidi. Tayari ilikuwa na Stephane Aziz Ki, aliyetoka ASEC Mimosas ya Abidjan mwaka 2022. Mwaka 2023 ikawaongeza Pacome Zouzoua na beki Yao Kouassi, wote wawili kutoka ASEC hiyohiyo, pamoja na Maxi Nzengeli kutoka Kongo. Hivyo watatu kati yao walikuwa wamekwisha kula sahani moja kabla ya kufika Dar es Salaam. Kocha mpya, Miguel Gamondi, hakumtafuta mtu wa kuvaa viatu vya Mayele. Aliugawa mzigo wa Mayele kwa watu wengi.

Matokeo tuliyaona tarehe 5 Novemba 2023. Yanga waliifunga Simba 5–1, na mabao hayo matano yalifungwa na watu wanne: Kennedy Musonda, Nzengeli mara mbili, Aziz Ki na Zouzoua. Beki wa kati aliyezoea kumfuata mtu mmoja siku nzima, siku ile hakujua amfuate nani. Mwisho wa msimu mfungaji bora wa ligi alikuwa kiungo, Aziz Ki, kwa mabao 21. Hata Mayele katika miaka yake miwili hakuwahi kufikisha idadi hiyo.

Yupo na mtu mwingine katika habari hii, na huyu nataka wanafunzi wamkumbuke. Clement Mzize hakununuliwa. Alipandishwa kutoka timu ya vijana ya klabu hiyo mwaka 2022. Alikaa benchi, akaingia dakika za mwisho, akakosa mabao na kuzomewa, lakini akaachwa akue. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 katika ligi, nyuma ya Jean Charles Ahoua wa Simba aliyefunga 16. Fedha za usajili zilitumika kwa wengine, na yeye alikuwa ndani ya nyumba wakati wote. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Huenda mtu akasema, hao ni Simba na Yanga, wana matajiri. Basi tutazame mdogo. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa ligi hakutoka Kariakoo. Alitoka Geita Gold, jina lake George Mpole, mabao 17, moja zaidi ya Mayele. Nchi nzima ilishangilia. Msimu uliofuata haukufika mwisho Mpole akaenda Lupopo, Lubumbashi. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka daraja. Sidai kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoishusha. Timu hushuka kwa mambo mengi. Lakini timu ndogo inayopata mfungaji hodari yafaa ijue, tangu bao lake la kumi, kwamba wenye fedha wanamhesabu pia. Kumwandaa anayemfuata si kumkosea heshima. Serikalini tunaiita mipango ya kurithishana madaraka, na ofisi isiyokuwa nayo hufungwa siku mkuu wake akistaafu.

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na hayo naona mafunzo matatu.

Kwanza, tujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Mabao yasipoingia, macho yote humwendea namba tisa. Lakini huenda namba tisa hapati mpira. Napendekeza kijana mmoja asiyecheza apewe daftari, aandike katika kila mchezo mpira umefika mara ngapi ndani ya eneo la penalti, na umefikaje. Michezo mitano tu itatuambia kama tatizo ni mguu wa mwisho au ni njia ya kufika huko.

Pili, ushambuliaji ni mazoea. Watoto wawili waliocheza pamoja miaka mitatu hupasiana bila kutazamana. Mgeni aliyefika juzi, hata awe hodari namna gani, huomba mpira mahali ambapo mwenzake hakutarajia. Kwa hiyo timu ya kidato cha kwanza na cha pili iwe na mazoezi yake, mwalimu wake na mipira yake, isiwe ya kuokota mipira ya wakubwa.

Tatu, mzigo ugawanywe. Mabao yote yakitegemea mguu mmoja, mguu huo ukiteguka mashindano yamekwisha. Hapa Dodoma tunalijua jambo hili kwa zabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hupogoa mara mbili kwa mwaka ili machipukizi mapya yatoke na yazae. Hategemei tawi moja, na wala haamki asubuhi akadai mavuno kwa mche alioupanda jana.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ni zito kuliko mpira. Hao washambuliaji wawili au watatu tunaotaka kuwaleta, tuwaite kwa jina lao: ni mamluki. Wataandikwa katika daftari la mahudhurio wiki chache kabla ya mashindano, watacheza, na tutapiga picha na kikombe. Baada ya hapo wanakwenda wapi? Nani kati yetu amepanga kuwalipia chakula cha bweni mpaka mtihani wa kidato cha nne? Na kile kijana chetu cha kidato cha tatu, kilichokimbia kila alfajiri kwenye vumbi la Kikuyu kikingoja nafasi yake, tutakiambia nini? Shule haiwezi kufundisha uaminifu darasani asubuhi na kughushi orodha ya wachezaji jioni. Kikombe kilichopatikana hivyo kitakaa kabatini, na kila mwanafunzi atakayekipita atajua kilivyopatikana.

Hivyo naomba mkutano utumie fedha hizi kwa mambo manne. La kwanza, mipira ya kutosha, maana timu ya watu ishirini na mpira mmoja haifanyi mazoezi ya kufunga, inafanya mazoezi ya kusubiri. La pili, posho ya mwalimu wa michezo, na nauli ya kumpeleka kwenye mafunzo ya ukocha. La tatu, uji na matunda kwa wachezaji baada ya mazoezi. La nne, mara kwa mara kuwapeleka vijana Uwanja wa Jamhuri kutazama Dodoma Jiji ikicheza ligi kuu, lakini wakiwa na kazi maalumu: huyu amtazame winga tu, yule amtazame kiungo tu, na kesho yake waeleze walichokiona.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Wengi wenu mnataka kuwa Mbwana Samatta. Ni nia nzuri. Kumbukeni kwamba TP Mazembe walimwona Samatta mwaka 2011 alipocheza dhidi yao akiwa na Simba. Hakuwa kwenye majaribio wala kwenye soko. Alikuwa akiitumikia timu yake siku ya kawaida ya kazi. Miaka minne baadaye alibeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Anayefanya kazi yake vizuri mahali alipo, macho ya watu humfikia palepale.

Ndugu Mwenyekiti, ninajua wapo wenzangu wanaotaka kikombe mwaka huu, na sababu zao nazielewa: wengine tumeanza kuota mvi na tungependa kukiona. Mpango ninaoutetea huenda usilete kikombe mwaka huu. Utaleta timu, na timu ikishakuwapo, kikombe tutakidai kila mwaka. Naomba kura zenu ziwaangukie vijana waliopo.