Sproketi ya Pawasoo Ndogo: Meno Mangapi?



Kila mwendesha boda boda anajua kwamba sproketi ya mbele ikitolewa ya meno 14 ikawekwa ya 15, pikipiki hukimbia zaidi kwenye lami, lakini mlimani, ikiwa na mzigo, huanza kulia. Pawasoo ni vivyo hivyo. Sproketi yake ni ile gia ndogo iliyoshikana na dramu ya klachi, inayovuta cheni. Meno yakiongezeka, cheni hukimbia na nguvu ya kuvuta hupungua.

Pawasoo ndogo nyingi, zile za kupogoa na kukata kuni, hutoka kiwandani na cheni ya 3/8 nyembamba na sproketi ya meno 6. Sproketi hiyo ikizunguka mara moja, cheni husogea sentimita 11.4. Ya meno 7 huisogeza sentimita 13.3. Mwendo umepanda karibu asilimia 17, na injini haijaongezewa nguvu hata chembe. Kwa baa fupi na mti laini kama msaipresi, mkataji huenda akafurahi. Akifika kwenye mkalitusi mkavu, cheni husitasita, naye huzidi kubana mafuta. Klachi huteleza ndani ya dramu na kushika moto. Mashine inayolipa karo ya watoto huungua hivyo, halafu lawama hupewa petroli.

Kuna na usalama. Ncha ya baa ikigusa tawi, msumeno huruka kumrudia aliyeushika, na cheni iendayo mbio zaidi huuruka nao kwa kishindo zaidi.

Kwa hiyo pawasoo ndogo ibaki na idadi ya meno iliyotoka nayo kiwandani. Anayeona inakata polepole aangalie kwanza kinachotoka kwenye mti. Kikiwa vumbi laini badala ya vipande, cheni ni butu, na dawa yake ni tupa.

Dukani, kuuliza meno tu hakutoshi. Hatua ya cheni lazima ilingane na ya sproketi, na pia na kigurudumu cha ncha ya baa kama kipo. Hupimwa kuanzia ribiti moja hadi ya tatu, kisha urefu huo hugawanywa kwa mbili. Cheni ya hatua ya inchi 0.325 kwenye sproketi ya meno 7 husogea sentimita 11.6 kwa mzunguko, karibu sawa na ile ya 3/8 yenye meno 6. Hivyo "meno saba" si lazima yawe mwendo mkali. Tena 3/8 nyembamba na 3/8 ya kawaida zina sproketi tofauti, ingawa namba zinafanana.

Sproketi iliyochimbika nusu milimita itolewe, kwani hula cheni mpya kabla ya wakati wake. Wengi huibadilisha kila baada ya cheni mbili. Wakati wa kuifungua, fundi akumbuke kwamba klachi ya pawasoo nyingi hufunguka kinyume na nati ya kawaida: huzungushwa kufuata mshale wa saa. Wanaosahau hilo huikaza zaidi hadi kitu kivunjike.