Jengo Likibomolewa, Nini Hubaki?

Somo: Waebrania 11:35–40

  Aliye jikoni na aendelee na kazi yake huku akisikiliza. Aliye mgonjwa kitandani na ajue kwamba tumemkumbuka. Kama Biblia iko karibu, tieni alama katika Waebrania sura ya 11, tangu mstari wa 35 hadi mwisho, mpate kuisoma baada ya kipindi hiki. Hapo tunasoma habari za watu wa Mungu waliopigwa, waliofungwa, na waliotangatanga wakijificha mapangoni. Leo twataka kuwaeleza jinsi mambo hayo yalivyowapata watu wengine wa imani, katika mashamba na milima ya nchi ya Ufaransa.

Mgeni akisafiri mashambani mwa Ufaransa, hatakwenda mbali kabla ya kuona mnara wa kanisa la mawe, na juu ya kilima ngome au kasri la mabwana wa zamani. Kandokando ya mto Loire makasri ni mengi sana. Lile la Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza, lina vyumba zaidi ya 400. Watalii hulizunguka wakipiga picha, na kwa kweli ni kazi ya ajabu ya mikono ya binadamu.

Lakini mawe hayo yana habari nyingine pia. Juu ya mto huohuo liko kasri la Amboise. Mwezi wa Machi mwaka 1560, baada ya kugunduliwa njama ya kumkamata mfalme kijana, watu wengi waliuawa hapo, wengi wao Waprotestanti, na maiti zikatundikwa kwenye roshani ya kasri. Vita vya dini vilivyofuata viliitesa nchi kwa miaka mingi, na pande zote mbili zilimwaga damu.

Waprotestanti wa Ufaransa waliitwa Wahugenoti. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa Hati ya Nantes, iliyowaruhusu kuabudu katika mahali palipotajwa. Wakajenga makanisa yao, nyumba za ibada zisizo na mapambo mengi, ambamo kitu cha kwanza mtu anachokiona ni mimbari na Biblia. Ndipo mwezi wa Oktoba mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14, mjukuu wa huyo Henri, akiwa katika kasri lake la Fontainebleau, akaifuta hati hiyo. Aliamuru makanisa yote ya Wahugenoti yabomolewe. Wachungaji walipewa siku 15 wawe wametoka nchini, au waikane imani yao. Waumini wa kawaida hawakuruhusiwa kuondoka. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme, akiwa amefungwa mnyororo. Mwanamke alitiwa gerezani. Hata hivyo watu wapatao laki mbili walitoroka, wakaenda Uswisi, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na hata Afrika Kusini.

Basi, wapendwa, tujiulize. Makanisa yamebomolewa. Wachungaji wamekwenda. Vitabu vimechomwa. Je, kimebaki nini?

Tuwapeleke sasa kusini, katika milima ya Cévennes. Ni nchi ya mawe na mabonde membamba, na wakulima wake walikula tunda la mti uitwao chesnati kama sisi tulavyo ugali. Waliobaki huko walianza kukutana usiku, mabondeni na mapangoni. Walipaita mahali hapo pa ibada “Jangwa”, si kwa sababu ya mchanga, bali kwa kuwakumbuka wana wa Israeli waliotembea na Mungu nyikani pasipo hekalu.

Katika kijiji cha Mialet, mahali paitwapo Mas Soubeyran, iko nyumba ya zamani ya mawe ambayo tangu mwaka 1911 ni makumbusho ya siku hizo. Ndani mna mimbari ya mbao iliyotengenezwa kwa ustadi ili ikunjwe na kuonekana kama pipa la nafaka. Askari akipita, haoni ila pipa. Mna Biblia ndogo sana ambazo mwanamke aliweza kuificha moja ndani ya fundo la nywele zake. Mna pia vipande vidogo vya madini ambavyo mwumini alivionyesha kabla ya kukaribia Meza ya Bwana, ili mpelelezi asijipenyeze. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Septemba, maelfu ya Waprotestanti hukusanyika hapo chini ya miti kumwabudu Mungu.

Hatuwaelezi haya kana kwamba wote walikuwa malaika. Kati ya mwaka 1702 na 1704 baadhi yao walishika silaha, na vijiji vingi vikateketezwa. Upanga haukuwarudishia hata kanisa moja. Aliyewakusanya tena alikuwa kijana wa miaka 20, jina lake Antoine Court, aliyewasihi waache vita na kushika tena mahubiri, nidhamu na sala. Mwezi wa Machi mwaka 1715 mfalme alikuwa ametangaza kwamba Waprotestanti hawapo tena katika Ufaransa. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo, huko Monoblet katika Cévennes, Court na watu wachache walifanya sinodi ya siri, wakaanza kulipanga kanisa upya. Tarehe 1 Septemba, siku 11 baadaye, Mfalme Louis alikufa katika kasri lake la Versailles. Mwenye majumba ameondoka, na wasio na hata banda la kusalia wanaendelea.

Tushuke sasa mpaka karibu na bahari ya Mediterania, kwenye mji wa Aigues-Mortes. Maana ya jina hilo ni “maji yaliyokufa”, kwa kuwa mji umezungukwa na mabwawa ya chumvi. Hapo umesimama Mnara wa Constance, uliojengwa na Mfalme Louis wa Tisa katika karne ya 13, karibu na wakati alipotoka bandari hiyo kwenda Vita vya Msalaba mwaka 1248. Ni mnara wa mviringo, na unene wa kuta zake ni kama mita 6. Una vyumba viwili vikubwa, kimoja juu ya kingine, na katikati ya sakafu kuna tundu la mviringo. Wakati wa baridi upepo hupenya. Wakati wa joto mbu hutoka mabwawani. Huko ndiko walikofungwa wanawake wa Kihugenoti.

Mwaka 1730 aliingizwa humo msichana mmoja, Marie Durand, mzaliwa wa kijiji cha Pranles. Alizaliwa mwaka 1711. Mama yake alikuwa amekamatwa kwa sababu ya ibada iliyofanyika nyumbani mwao, na baba yake naye alikuwa kifungoni. Ndugu yake, Pierre, alikuwa mchungaji wa Jangwani, na kosa la Marie lilikuwa hasa kuwa dada yake. Pierre alikamatwa, akanyongwa Montpellier tarehe 22 Aprili 1732.

Sikilizeni vizuri, wapendwa. Mlango wa mnara ule haukufungwa kwa ufunguo wa askari peke yake. Mwanamke yeyote aliyekubali kuikana imani yake aliweza kutumaini kufunguliwa. Kila asubuhi Marie alipoamka, njia ya kwenda nyumbani ilikuwa neno moja tu. Siku za mwanzo mtu hujikaza kwa ujana na kwa hasira. Lakini mwaka wa kumi je? Mwaka wa ishirini je, kichwa kinapoanza kuota mvi? Marie alikaa humo miaka 38. Aliwaandikia barua wenzake wasiojua kuandika, akiwaombea nguo na chakula kwa makanisa ya nje. Aliwauguza wagonjwa, akasoma nao Zaburi. Barua zake kadhaa zipo hata leo, na ndani yake yamo malalamiko ya baridi, deni na maradhi, kama ya mtu yeyote. Hakuwa mwanamke wa chuma. Alikuwa mwanamke aliyeamua jambo moja, akaliamua tena kila siku.

Kwenye ukingo wa lile tundu la sakafuni limechorwa neno moja la Kifaransa, jiwe limekwaruzwa kwa subira nyingi. Maana yake ni “kupinga”. Watu husema ni mkono wa Marie ulioliandika. Waliosoma waraka wa Yakobo wanalijua neno hilo. Marie hakupinga kwa kuvunja ukuta wala kwa kumchukia askari. Alipinga kwa kutosema uongo juu ya Mungu wake.

Alifunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 1768, akarudi Pranles kwenye nyumba ya wazazi wake, akafariki mwaka 1776. Miaka 11 baadaye, mwaka 1787, mfalme mwingine alitia sahihi hati ya kuwatambua Waprotestanti kuwa raia. Nyumba ile ya mawe bado ipo, na wageni huitembelea. Si kasri, wala haina vyumba 400.

Lakini habari haiishii hapo. Tupande kaskazini hadi nyanda za juu za kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, mahali pa baridi kali, panapokaa Waprotestanti wengi wa uzao wa wale watu wa Jangwani. Juu ya mlango wa kanisa lao yameandikwa maneno ya Bwana ya kuwaagiza wanafunzi wapendane. Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani ya Hitler, na Wayahudi wakaanza kuwindwa. Mchungaji André Trocmé na mwenzake Edouard Theis waliliambia kanisa kwamba Mkristo hana ruhusa ya kutii amri inayopinga Injili. Wakulima wa hapo na wa vijiji jirani, na Wakatoliki kadhaa pamoja nao, waliwaficha Wayahudi katika nyumba, shule na mazizi. Mwezi wa Februari mwaka 1943 wachungaji hao wawili walitiwa kambini kwa majuma kadhaa. Milango haikufungwa. Watu wengi mno, watoto wengi miongoni mwao, waliokoka.

Waswahili husema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Watu wale walimjua mwenye njaa, kwa maana bibi zao walikuwa wamewasimulia habari za mapango na za mnara. Wangeweza kuitunza kumbukumbu hiyo kama chuki juu ya waliowatesa. Wao waliigeuza kuwa mlango ulio wazi kwa mtu wa dini nyingine.

Basi tumepata jibu letu. Jengo likibomolewa hubaki Neno lililofichwa moyoni, hubaki mtu asiyekubali kuliuza, na hubaki mlango unaofunguliwa usiku mtu anapobisha. Ni vyema kuchanga fedha tupate mabati na madirisha ya kanisa. Tuendelee kuchanga. Lakini tujiulize pia kama watoto wetu wanalijua Neno kiasi cha kulisema gizani pasipo kitabu. Na wewe uliye kazini, unayeshurutishwa kutia sahihi jambo ambalo unajua ni uongo, au la sivyo uikose kazi: mnara wako ni huo. Hatusemi ni rahisi, maana una watoto wa kulisha. Twasema tu kwamba wako waliotangulia, na Mungu hakuwaacha.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe hukai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono ya watu. Uwatie nguvu leo wote waliofungwa kwa ajili ya haki. Utupe uaminifu wa siku moja, na kesho utupe tena. Na mgeni atakapobisha mlangoni petu, utukumbushe tulikotoka. Twaomba katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.