Meli za Kutegua Mabomu za China na Wilaya Zilizozipa Majina



Wilaya ya Huoqiu iko katika jimbo la Anhui, kusini mwa mto Huai, mbali kabisa na pwani. Watu wake wanalima mpunga na ngano, wanavua samaki wa maziwani, na chini ya ardhi yao kuna madini mengi ya chuma. Mtu anaweza kuzaliwa Huoqiu, akaoa, akalea wajukuu na kuzikwa huko bila kuionja chumvi ya bahari. Hata hivyo jina la wilaya hiyo limeandikwa kwenye tezi la meli ya kivita yenye namba 804, iliyoingia kazini katikati ya miaka ya 2000. Kazi yake ni kusaka na kuharibu mabomu yaliyotegwa baharini.

Tumezoea kuyaona majina ya meli kama pambo, au kama kumbukumbu ya shujaa fulani. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa China jina la wilaya juu ya meli ndogo lina kazi. Wilaya ndipo mahali ambapo dola ya China hukutana na familia ya askari, na Jeshi la Wanamaji limelijua hilo kwa muda mrefu. Nitaonyesha pia jambo moja katika utaratibu huo ambalo naliona si la haki.

Nianze na kanuni. China ilitoa kanuni za kuzipa meli za kivita majina mwaka 1978, ikazirekebisha mwaka 1986. Msingi wake ni ngazi ya utawala wa nchi. Meli kubwa hupewa majina ya majimbo. Ndiyo maana tunazisikia Liaoning, Shandong na Fujian, zile meli tatu za kubeba ndege. Manowari kubwa za ulinzi hupewa majina ya miji mikubwa, kama Nanchang na Dalian. Meli nyingi za kushusha majeshi hupewa majina ya milima, na zile za kupeleka mafuta na chakula hupewa majina ya maziwa. Nyambizi za nyuklia zote zinaitwa Changzheng, kwa kumbukumbu ya ile safari ndefu ya Jeshi Jekundu, zikitofautishwa kwa namba. Majina ya watu ni machache, na baadhi yake yamepewa meli za mafunzo. Mojawapo ni Zheng He, amirali wa karne ya 15 ambaye merikebu zake zilifika hadi Malindi. Chini kabisa ya ngazi, mahali pa meli ndogo za kusaka nyambizi na za kutegua mabomu, ndipo yalipowekwa majina ya wilaya na maeneo yanayokaribiana nazo kwa hadhi.

Kwa asiyeufahamu utawala wa China, wilaya ni kitu cha kale kuliko jimbo. Qin Shi Huang alipoiunganisha nchi mwaka 221 kabla ya Kristo, aliigawa katika mikoa na wilaya, na baadhi ya wilaya zilikuwepo hata kabla yake. Nasaba zimekuja na kupita, majimbo yamechorwa upya mara nyingi, lakini wilaya zimebaki. Leo kuna zaidi ya maeneo 2,800 yenye hadhi hiyo, yakiwemo yanayoitwa miji kwa sababu ya ukuaji wa viwanda. Mchina akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingi hujibu kwa jina la wilaya.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana bila kuielewa hatutajua uzito wa jina. Bomu la baharini ni silaha ya bei ndogo inayoweza kuizamisha meli ya bei kubwa. Wachina wenyewe waliandika habari zake katika karne ya 14, kwenye kitabu cha silaha za moto kiitwacho Huolongjing. Aina ya zamani huelea chini kidogo ya uso wa maji, imefungwa kwa mnyororo kwenye uzito ulio sakafuni, na hulipuka ikiguswa. Aina hii meli huifagia kwa kuburuta kamba ya chuma yenye vikatio. Mnyororo ukikatwa, bomu huibuka juu na kupigwa risasi. Aina za baadaye ni za hila zaidi. Hulala sakafuni zikisubiri. Moja husikiliza mvumo wa injini, nyingine huhisi sumaku ya mwili wa chuma, nyingine hupima jinsi shinikizo la maji linavyobadilika meli inapopita. Nyingine huhesabu meli: huiachia ya kwanza ipite, huiachia ya pili, kisha humlipukia wa tatu aliyedhani njia ni salama.

Kwa hiyo mabaharia wa meli hizi hufanya jambo ambalo kila nahodha mwingine hulikwepa: huingia makusudi palipo na hatari, kwa mwendo wa polepole, mchana kutwa, wakirudia mstari ule ule ili wasiache kipande cha bahari bila kukipitia. Ndiyo maana meli zao huwa ndogo, na nchi nyingi huziunda kwa mbao, kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, au kwa chuma kisicho na sumaku. Huoqiu na zilizofuata zilileta hatua nyingine, ya kutafuta bomu moja moja kwa mawimbi ya sauti na kutuma vyombo visivyo na mtu vikalimalize. Hatari imepungua. Haijaisha.

China ilijifunza kazi hii kwa shida. Jeshi lake la Wanamaji lilizaliwa tarehe 23 Aprili 1949 katika kijiji cha Baimamiao, Taizhou, katika jimbo la Jiangsu, likiwa na meli chache zilizotekwa au zilizojisalimisha. Mwaka uliofuata jeshi la Kuomintang, maadui wa Wakomunisti, lilitega mabomu kwenye mlango wa mto Yangtze ili kuikaba koo Shanghai. Mji wa mamilioni ya watu ulitegemea makaa, mchele na pamba kutoka kwenye maji hayo. Wanamaji wapya, wengi wao askari wa nchi kavu waliokuwa wametembea kwa miguu vita nzima, waligeuza vyombo vya kushushia majeshi kuwa vya kufagilia mabomu, wakakosea, wakaanza upya, hadi njia ikafunguka mwaka huo huo wa 1950. Nimesoma habari za manowari nyingi za China na bado naamini hakuna ushindi wao wa miaka hiyo uliowagusa raia wa kawaida kuliko huu.

Mara ya pili ilikuwa Vietnam. Tarehe 9 Mei 1972 ndege za Marekani zilitega mabomu kwenye bandari ya Haiphong. Kwa ombi la Hanoi, China ilipeleka meli zake za kutegua, na kazi ikaendelea hadi 1973. Mabomu hayo yalikuwa ya kuhisi sumaku na yalihitaji mbinu ambazo China ilizibuni pale pale, mbele ya hatari. Marekani yenyewe ililazimika kurudi mwaka 1973, kwa mujibu wa makubaliano ya Paris, kuyaondoa mabomu yake.

Nirudi kwenye majina, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo. Orodha ya meli hizi ukiisoma pamoja na ramani, unaona nchi nyingine kabisa, tofauti na ile ya Beijing na Shanghai. Liuyang, iliyo katika jimbo la Hunan, imeishi kwa baruti kwa karne nyingi: ndiko zinakotengenezwa fataki za sherehe zinazouzwa duniani kote. Ndiko pia alikozaliwa Hu Yaobang, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti katika miaka ya 1980. Xiaoyi iko Shanxi, jimbo lisilo na pwani, nchi ya makaa ya mawe. Qingzhou, Shandong, ilijulikana ulimwenguni mwaka 1996, uwanja wa shule ulipokuwa ukisawazishwa na mamia ya sanamu za Kibudha kufukuliwa, zikiwa bado na rangi na dhahabu yake. Heshan, Guangdong, ina mtindo wake wa ngoma ya simba unaochezwa popote Wachina walipohamia.

Taishan, isiyo mbali na Heshan, ndiyo inayonigusa zaidi. Wilaya hii ilikuwa imeijua bahari kabla jeshi halijaipa meli. Katika karne ya 19 vijana wake walivuka Pasifiki kwa maelfu kwenda kuchimba dhahabu California na kujenga reli za Marekani, na wengi hawakurudi. Mmoja aliyerudi, Chen Yixi, alitumia ujuzi wa reli alioupata ughaibuni kujenga reli ya kwao kuanzia mwaka 1906, kwa fedha za wahamiaji wenzake. Reli hiyo iling'olewa wakati wa vita dhidi ya Japani ili adui asiitumie. Wilaya iliyoipa bahari watoto wengi kiasi hicho ilistahili meli, na meli ya kuwalinda wasafiri inaifaa kuliko meli ya makombora.

Upande mwingine kuna wilaya tajiri za Jiangsu: Kunshan, Changshu na Zhangjiagang, zote chini ya Suzhou. Kunshan ni chimbuko la opera ya Kunqu, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001, lakini leo inafahamika zaidi kwa viwanda vya kompyuta. Uchumi wake ulivuka yuani bilioni 500 mwaka 2022, na nchi kadhaa za Afrika zingeuonea wivu. Kuwekwa Kunshan na Huoqiu kwenye daraja moja la meli kuna haki yake: mbele ya bomu, tajiri na mkulima wana hadhi ile ile.

Kwa nini basi nasema jina hili lina kazi? Kwa sababu uandikishaji wa askari nchini China hufanyika wilayani. Kila wilaya ina ofisi ya kijeshi inayopokea maombi ya vijana, kuwapima, kuchunguza habari zao na kuwapeleka. Askari akimaliza muda wake, wilaya ndiyo inayompokea na kumsaidia apate kazi. Nyumba ya askari hubandikwa kibao cha heshima mlangoni. Meli mpya inapokabidhiwa bendera na hati ya jina, wawakilishi wa eneo lililotoa jina hualikwa, na uhusiano huo huendelezwa kwa ziara na zawadi, katika mapokeo ya jeshi na raia kusaidiana yaliyoanza Yan'an, ngome ya Wakomunisti, katika miaka ya 1940. Wilaya isiyo na pwani inapata bahari, na jeshi linapata mlango wa kuingilia kwenye nyumba za watu ambao bahari haikuwahusu.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Japani huzipa meli hizi majina ya visiwa. Marekani imetumia majina ya sifa za kishujaa, kama Avenger na Defender. Aliye karibu zaidi na China ni Mjerumani: meli zake za kusaka mabomu za daraja la Frankenthal zina majina ya miji midogo, kama Fulda na Homburg, na miji hiyo huzilea. Mataifa mawili yasiyofanana kwa siasa yamefikia wazo moja, kwamba chombo kidogo chenye mabaharia wachache kinahitaji mji mdogo wa kukijali, kwa kuwa gazeti la mji mkuu halitakijali.

Hata hivyo nina shaka na ngazi yenyewe. Inapima heshima kwa tani. Meli kubwa inapata jimbo, ya kati inapata mji, na inayotangulia mbele ya zote kwenye maji yenye mabomu inapata iliyobaki. Fujian haiwezi kutoka bandarini wakati wa vita kabla ya Kunshan au Heshan kuisafishia njia. Ningekuwa na sauti katika kanuni hizo, ningetenga majina ya pale kazi hii ilipozaliwa, kando ya mlango wa Yangtze, kwa meli hizi peke yake. Angalau Jingjiang, iliyo chini ya Taizhou lilikozaliwa jeshi lenyewe, tayari imo kwenye orodha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naomba tulijadili. Mabaharia wa meli Huoqiu hawatoki Huoqiu. Wanakusanywa kutoka nchi nzima, kama ilivyo kwenye meli zote. Kila mmoja ana wilaya mbili: ile aliyoandikishwa na ile iliyoandikwa kwenye tezi la meli. Akipata nishani, habari hupelekwa kwa wazazi wake na maofisa wa wilaya ya nyumbani, mara nyingi kwa ngoma na maua mekundu, mbele ya majirani. Wageni wa sherehe za meli wanatoka wilaya nyingine, ambayo pengine hajawahi kuikanyaga. Meli ikistaafu, mji mkubwa unaweza kudai ipelekwe kwao: manowari Nanchang yenye namba 163 ilipelekwa Nanchang kupitia mito na kuwa makumbusho baada ya kuondolewa kazini mwaka 2016, na jina likahamia kwenye meli mpya yenye namba 101. Wilaya yenye mto mdogo na bajeti ndogo haina njia hiyo. Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu wanaochunguza majeshi ya nchi nyingine kama wameona mahali popote ambapo mji mdogo umepewa haki ya kusema lolote kuhusu meli yake baada ya meli hiyo kushushwa bendera.