Mbwa Mwenye Adabu Hulelewa Nyumbani

Hotuba ya daktari wa mifugo katika baraza la wananchi, siku ya kuchanja mbwa



Asanteni kwa kuja na mbwa wenu. Wengine wamefungwa kamba leo kwa mara ya kwanza, ndiyo maana wanang'ang'ana hivi. Mbwa huzoeshwa kamba angali mdogo.

Wengi wetu hutaka mbwa mkali wa kulinda boma. Tunamfunga mnyororo mchana kutwa, tunampiga mateke, kisha tunashangaa anapomuuma mtoto wa jirani. Mbwa anayepigwa hujifunza kuogopa, na mbwa mwoga huuma haraka. Mwite kwa jina lake. Akija, mpe kipande cha ugali na umsifu. Amri iwe moja kwa nyumba nzima: baba akisema "keti", mtoto naye aseme "keti". Wafundisheni watoto wasimguse akila wala akinyonyesha.

Lakini adabu haizuii kichaa cha mbwa. Chanjo ndiyo huzuia. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Tunzeni cheti.

Mtu akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo, hata kikiwa kidogo. Msingoje dalili, zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa tupange foleni. Mbwa ashikwe na mtu mzima, si mtoto.